Upinde Hununuliwa kwa Jicho

Miezi mitatu baada ya kununua upinde wangu wa kwanza, mishale bado ilikuwa inajigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilitua nilipokusudia, kwenye njano ya katikati au jirani yake. Fungu la pili lilikwenda kushoto, nje ya karatasi, nje ya ubao wenyewe, likanasa kwenye wavu mweusi unaoning'inia mwisho wa ukumbi. Tulikuwa tunapiga kutoka mita 18. Kati ya fungu na fungu palikuwa na zaidi ya mita moja, na hapo katikati hapakuwa na mshale hata mmoja. Nilisogeza kilengeo, nikakirudisha, nikabadili namna ya kusimama, nikanunua kigozi kipya cha vidole. Mafungu yalibaki mawili.

Kocha wa klabu yetu hapa Leicester, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alinitazama jioni nzima kisha akaniita kando. Aliniambia ninyooshe mikono yote miwili mbele, nipandanishe viganja hadi kibaki kitundu kidogo kati yake, halafu niitazame pua yake kupitia kitundu hicho, macho yote mawili yakiwa wazi. Yeye alisimama kama hatua tano mbele yangu. Kutoka pale aliliona jicho langu moja tu ndani ya kitundu, nalo lilikuwa la kushoto. Mimi mkono wangu ni wa kulia kwa kila kitu: kuandika, kula, kukata vitunguu. Upinde nilionunua ulikuwa wa mkono wa kulia. Duka lililoniuzia lilinipima urefu wa mikono, likanijaribisha nguvu ya mabega, likaniuliza napenda rangi gani. Jicho halikuulizwa.

Nilikuwa nimeshalipa pauni 310. Ndiyo maana mtoto wa kaka yangu alipopiga simu kutoka Nairobi kuomba nimnunulie upinde, sikukimbilia dukani. Nilikaa nikapiga hesabu ya njia zote ambazo mtu mwenye mkono huu na jicho lile anaweza kuzifuata, na kila moja inagharimu nini. Bei ninazotaja ni za maduka ya Uingereza, kwa makadirio.

Kwanza tuelewe tunalipia nini. Ubongo hupokea picha mbili, moja kutoka kila jicho, na inapofika kuamua kitu kiko upande gani huliamini jicho moja kuliko jingine. Hilo ndilo jicho kuu. Karibu theluthi mbili ya watu jicho lao kuu ni la kulia, na waliobaki wengi wao ni la kushoto. Mkono haulazimiki kufuata jicho. Unaweza kuwa na mkono wa kulia na jicho la kushoto maisha yako yote usijue, kwa sababu kupika, kuendesha gari na kusoma havikudai chochote.

Upinde unadai. Anayevuta kwa mkono wa kulia, kitako cha mshale hukaa chini ya jicho lake la kulia. Ncha iko mbele, karibu na kilengeo, kama sentimita 90 kutoka usoni. Jicho la kulia likilenga, jicho, kitako, ncha na shabaha vinakaa kwenye mstari mmoja. Jicho la kushoto likichukua kazi hiyo, mpigaji atausogeza upinde kushoto, bila kujua, mpaka kilengeo kikae mbele ya jicho hilo. Umbali wa jicho na jicho kwa mtu mzima ni kama sentimita 6. Kwa hiyo ncha imekwenda kushoto sentimita 6 hivi wakati kitako kimebaki pale pale, na mshale sasa umekaa mshazari. Sentimita 6 ndani ya sentimita 90 zikifuatwa hadi mita 18 zinazaa kosa la mita 1 na sentimita 20. Hadi mita 70, umbali wa Olimpiki, ni karibu mita 5. Siku nilipoichora hesabu hiyo kwenye daftari nilielewa kwa nini fungu langu la pili lilikuwa pale pale kila wiki. Sikuwa mpigaji mbaya. Nilikuwa wapigaji wawili wanaopokezana.

Watu huchanganya jicho kuu na jicho linaloona vizuri, na kuchanganya huko kunakula fedha, maana mtu hukimbilia miwani mpya akidhani ndiyo dawa. Mpiga upinde Im Dong-hyun wa Korea Kusini alikuwa na uoni hafifu sana, wa kushoto hafifu kuliko wa kulia, na alipiga bila miwani. Kwenye Olimpiki ya London, Julai 2012, alipata pointi 699 kati ya 720 kwa mishale 72 na kuvunja rekodi ya dunia. Shabaha kwake ilikuwa rangi zilizoyeyukiana. Kuona kwa ukali na kulenga ni mambo mawili.

Sasa njia zenyewe.

Ya bure kabisa ni kufumba jicho lisilotakiwa. Nilifumba kwa wiki tatu na fungu la kushoto likatoweka siku hiyo hiyo, kwa hiyo sitasema haifanyi kazi. Tatizo linakuja baada ya mshale wa thelathini. Kufumba jicho moja ni kuukaza uso nusu, na uso uliokazwa upande mmoja huuvuta na ule mwingine. Jicho linalolenga nalo huanza kujifinya, taya linabana, na taya ndipo mkono unapotia nanga unapovuta upote. Mashindano ya nje huanza kwa mishale 72, mbali na ile ya kupasha mwili moto. Kwa somo la saa moja, fumba. Kwa anayetaka kushindana, njia hii haitoshi. Paris 2024 fainali ya wanaume iliamuliwa kwa mshale mmoja mmoja wa ziada. Kim Woo-jin na Brady Ellison wote wawili walipiga 10, na Kim akachukua dhahabu kwa sababu mshale wake ulikuwa karibu zaidi na kitovu kwa milimita 4.9. Huo ni mshale wa mwisho wa siku ndefu, saa ambayo uso uliochoka unaanza kudai malipo.

Inayofuata ni kuliziba jicho. Kibandiko cheusi cha kufunga kwa lastiki ni pauni 3 hadi 5. Kigao kidogo cha plastiki cha kubana kwenye miwani au ukingo wa kofia ni pauni 8 hadi 15. Na seloteipu ile isiyong'aa, inayofifisha kioo kama cha bafuni, pengine tayari iko kwenye droo yako. Nimetumia vyote vitatu, na ningechagua seloteipu hata kama bei zingekuwa sawa. Kibandiko cheusi hulitia jicho gizani, na jicho moja likiwa gizani mboni ya jicho la pili nayo hutanuka kidogo, mwanga ukazidi, shabaha ikapoteza ukali. Isitoshe, wakati wa joto kinakutoa jasho na lastiki inachimba nyuma ya sikio. Seloteipu inaruhusu mwanga ila inafuta umbo. Jicho limetulia, liko wazi, halina cha kulenga. Nilikata kipande cha upana wa kidole gumba nikakibandika kwenye kioo cha kushoto cha miwani yangu ya kawaida, na jioni ile nilirudi nyumbani bila kuumwa kichwa, mara ya kwanza kwa mwezi.

Hapa kuna jambo la kanuni. World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, inaruhusu kibandiko cha jicho, na inaruhusu kioo cha jicho lisilolenga kufunikwa au kubandikwa teipu, lakini kiwe kimefunikwa chote. Kipande changu cha upana wa kidole gumba kilifaa mazoezini. Kwa mashindano ilibidi nifunike kioo kizima. Na usije ukatoboa tundu dogo kwenye kioo cha jicho linalolenga ukidhani umepata mwanya. Hilo ni marufuku.

Nitaje miwani kidogo, maana ni gharama inayosahaulika. Mpigaji wa mkono wa kulia husimama ubavu, akageuza kichwa kushoto kuelekea shabaha, na jicho la kulia likawa linatazama kupitia pembe ya kioo iliyo karibu na pua. Fremu ndogo za mtindo zina ukingo hapo hapo. Kama unakaribia kununua miwani, chagua kioo kikubwa kinachofika karibu na pua, na umwambie daktari wa macho unaitakia nini. Hilo halikuongezei hata senti. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho huliondoa tatizo la ukingo, ila basi seloteipu inakosa pa kukaa na unarudi kwenye kibandiko au kigao.

Njia ya tatu ni ile ninayoipendekeza kwa mtu yeyote ambaye hajatimiza mwaka: upinde ufuate jicho. Jicho ni la kushoto, basi vuta kwa mkono wa kushoto, wa kulia ushike mpini, hata kama hujawahi kushika hata mswaki kwa kushoto. Watu hushtuka wakisikia. Lakini fikiria mikono inafanya nini hasa. Mkono mmoja unasukuma na kutulia, mwingine unavuta hadi tayani kisha vidole vinalegea. Hakuna ufundi mwembamba wa kalamu humo. Mkono unafundishika, na ukiwa mgeni katika mchezo mikono yote miwili haijui chochote bado. Jicho kuu sijaona bei yoyote inayoliuza upya.

Nilidhani kubadili upande ni kununua kila kitu upya. Sivyo, na hapa ndipo muuzaji mwenye haraka anaweza kukuumiza. Upinde wa Olimpiki, kama wangu, hufunguliwa vipande. Kilichokatwa kwa upande ni mpini tu, kwa sababu una dirisha la kupitisha mshale na kuona shabaha. Mabawa mawili hayana kulia wala kushoto. Upote hauna. Mishale haina, wala kile chuma kirefu cha mbele cha kutuliza upinde. Mabawa yenye kiungo kile cha kawaida kinachoitwa ILF hukaa kwenye mipini ya watengenezaji mbalimbali, kwa hiyo hufungwi hata na jina la kampuni. Vinavyobadilika pamoja na mpini ni vitu vidogo: kiegemeo cha mshale, kigozi cha vidole, kikinga kifua. Kilengeo, tazama chako. Vingine hupinduliwa upande wa pili kwa kufungua skrubu mbili, vingine havikubali. Podo, vivyo hivyo.

Mimi nililipa hivi. Mpini wa kushoto pauni 110, kiegemeo cha sumaku 18, kigozi 15, kikinga kifua 12. Jumla 155. Kilengeo changu kilipinduka. Kisha nikanunua mabawa mepesi yaliyotumika, ya ratili 20, kwa pauni 40, kwa sababu misuli ya upande mpya ilikuwa ya mtoto na yale ya zamani ya ratili 28 yangenifundisha kuvuta vibaya. Hiyo ni 195. Mpini wa kulia niliuuza kwa mwanaklabu mwenzangu kwa pauni 70. Kwa hiyo kurekebisha kosa kulinigharimu pauni 125 na kama miezi mitatu ya kupata pointi za aibu kabla ya kurudi nilipokuwa. Sasa nipo mbele ya pale, na mishale iko fungu moja.

Njia hii ina bei yake iliyojificha. Vifaa vya mashoto ni vichache. Dukani orodha inasema bei ni ile ile, na kweli ni ile ile, ila rangi iko moja na unasubiri wiki kadhaa. Sokoni kwa vilivyotumika ndipo pengo linapoonekana: kwa kila mipini kumi ninayoiona ikiuzwa, mmoja au miwili ndiyo ya kushoto. Unanunua kwa tabu. Lakini ukija kuuza, wenye shida kama yako wanakusubiri, na bei haishuki sana. Kwenye klabu pia, upinde wa kuazima wa kushoto huenda ukawa mmoja na mnagombea watatu. Uliza kabla hujalipia kozi ya wanaoanza. Yangu ilikuwa pauni 75 kwa wiki sita, vifaa vya kuazima ndani yake, na laiti ningejua ningetumia wiki hizo sita kujaribu pande zote mbili kabla ya kutoa hata pauni moja dukani.

Yuko ambaye sitamshauri kubadili. Aliyepiga miaka mingi kwa upande wake, mwili umeshaandika, abandike seloteipu aendelee. Mwenye bega bovu avutie upande ambao bega linakubali. Na yule ambaye jaribio la kitundu linampa jibu tofauti kila akirudia, leo kulia, kesho kushoto, huyo jicho lake kuu halina nguvu sana, na mara nyingi seloteipu ya miezi michache inatosha.

Kuna mwanaklabu aliyejaribu kunishawishi ninunue upinde wa roda, ule wenye magurudumu na nyaya, akisema unaponya tatizo la jicho kwa sababu upote wake una tundu dogo la kuchungulia. Kuna ukweli ndani yake. Jicho la kulia likichungulia tunduni, la kushoto halina tundu lake, na mstari wa kulenga unakaa sawa mara nyingi zaidi. Ila jicho la kushoto likiwa wazi bado linaona kilengeo kikielea pembeni, na mwanga ukipungua linaweza kunyang'anya kazi kama kawaida. Seti ya kuanzia ni pauni 300 hadi 500, kisha kifyatulio cha mkononi pauni 50 au zaidi. Na ukija kugundua ulihitaji wa kushoto, hakuna kubadili mpini peke yake, unauza wote. Nunua upinde wa roda kwa sababu unaupenda. Kuununua kwa sababu ya jicho ni kulipa pauni 400 kwa kazi ya seloteipu. Tundu hilo, nikumbushe, haliruhusiwi kwenye upinde wa Olimpiki.

Pinde za asili zina jibu lao. Upinde wa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi ni fimbo moja iliyochongwa, haina dirisha, haina upande, unaupokea kutoka kwa mwenzako ukauvuta kwa mkono unaotaka. Pinde za kituruki na za kimongolia zinazouzwa hapa kwa pauni 80 hadi 150 ziko hivyo pia. Kwa mtu ambaye bado hajaamua upande, au nyumba yenye watoto wa mikono tofauti, ni fedha iliyotulia. Jicho lakini halijadanganyika: ukivutia upande usio wake, mshale utakwenda pembeni vile vile.

Kabla hujaagiza, soma herufi mbili kwenye boksi. RH maana yake upinde wa anayevuta kwa mkono wa kulia. Mpini hushikwa na mkono wa kushoto. Nimeona mtu mwenye mkono wa kulia akiagiza LH kwa sababu dukani aliushika mpini kwa kushoto na ukamkaa vizuri. Duka la mtandaoni linaweza kukuachia wewe nauli ya posta ya kurudisha. Na namba ya ratili iliyoandikwa kwenye mabawa ni nguvu ukivuta inchi 28. Mwenye mikono mifupi atapata pungufu ya hapo, mirefu zaidi.

Basi nikampigia kijana wa kaka yangu.

"Shikamoo shangazi. Nimesikia umeshanunua?"

"Marahaba. Sijanunua. Wewe si mashoto?"

"Ndiyo. Nimeshakuandikia, LH."

Ana miaka kumi na saba, na mchezo huu aliujua kupitia Shehzana Anwar, mpiga upinde aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio 2016. Nilimwambia awashe kamera, afunge leso kwenye kifundo cha mkono wa kulia nisije nikachanganya upande kwenye kioo cha simu, asimamishe simu juu ya kabati, arudi nyuma hatua tatu, kisha atazame lenzi yenyewe kupitia kitundu cha viganja. Asitazame picha yake, atazame lenzi. Tulirudia mara saba. Mara saba jicho lililotokea ndani ya kitundu lilikuwa la upande wa leso.

Alinyamaza. Alikuwa ameshajiona mashoto tangu darasa la kwanza, pamoja na fimbo alizopata kwa ajili ya hilo, na hakupenda kusikia kwamba upinde wake ni ule wa watu wote. Nilimweleza ninachokijua: kwamba atauazima na kuuazimisha klabuni bila kutafuta, kwamba mipini ya RH iliyotumika imejaa, kwamba mkono wake wa kushoto wenye nguvu ndio utakaoshika mpini na kutulia, na kutulia ni nusu ya mchezo.

Nilimpatia mpini wa inchi 25 uliotumika kwa pauni 65, mabawa ya ratili 22 kwa 45, na kigozi kipya cha mkono wa kulia. Mpini ni sentimita 64, na vipande vyote vinalala mshazari ndani ya sanduku la nguo litakaloingia tumbo la ndege, kwa kuwa ndani ya kabini upinde hauruhusiwi. Dada mmoja anasafiri mwezi ujao na amekubali kuubeba. Kijana amekata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, amekifunga kitanzi, na kila asubuhi kabla ya shule anakivuta hadi tayani mara hamsini, kwa mkono wa kulia.